Jina la Chakula na Hatima ya Ardhi: Tahakiki ya Lugha ya Kilimo Shinyanga na Geita

Utangulizi

Kila taifa lina utamaduni wa aina mbili. Upo utamaduni wa kuonyeshwa, yaani ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi. Na upo utamaduni wa kuliwa, yaani shamba, ghala, chungu na sinia. Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya ule wa kwanza. Juu ya wa pili wamesema machache, kana kwamba chakula ni jambo la mabwana shamba na waganga peke yao. Sisi hatuoni hivyo. Mtu huchagua chakula kwa ulimi wa kusema kabla hajakichagua kwa ulimi wa kuonja: kwanza hukipa jina, akakisifu au akakidharau, kisha ndipo hukipanda, hukipika au hukitupa. Na kile anachokipanda ndicho kinachoamua iwapo ardhi itabaki na nguo yake au itaachwa uchi.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki lugha hiyo: majina ya mazao, miito ya taifa, nyimbo za jembe na maneno ya machimboni. Tumechagua Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko kwa Wasukuma, watu ambao wamekifanya kilimo kuwa wimbo, mchezo na mashindano. Pili, ardhi ya huko imeonja yote: kufyekwa misitu, kupandwa pamba, kulishwa ng'ombe wengi, kuchimbwa almasi na dhahabu, na hatimaye kuvikwa miti upya.

Hoja yetu ni moja. Jamii iliyokipa jina baya chakula kinachoifaa ardhi yake, na ikakipa jina zuri kile kinachoichosha, imekwisha kushindwa nusu ya vita vya njaa kabla mvua haijakatika. Kinyume chake nacho ni kweli: jamii ikilirudishia heshima neno lake jema, hata ardhi iliyokwisha kukatiwa tamaa huweza kufufuka.

Zao la njaa na dhahabu nyeupe

Mvua za Shinyanga ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Mei, nazo kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka. Katikati ya msimu huo, mara nyingi Januari au Februari, mvua hukatika kwa majuma kadhaa. Hindi likikosa maji wakati linapochanua, punje hazifungi, na kazi ya msimu mzima imepotea. Mtama hufanya vingine. Hukunja majani yake, husimama kukua, hungoja. Mvua ikirudi, nao huendelea na safari. Uwele huvumilia hata katika mchanga ulio maskini zaidi. Kwa hiyo wazee walioweka mtama na uwele kuwa chakula chao kikuu hawakufanya hivyo kwa kukosa akili wala kwa kukosa mbegu nyingine. Walikuwa wameisoma nchi yao wakaielewa.

Pembeni ya nafaka hizo palikuwa na ghala la namna ya pekee. Viazi vitamu vilikatwa vibichi, vikaanikwa, vikawa michembe. Au vilichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, vikawa matobolwa. Majani ya kunde yalikaushwa yakawa nsansa. Mihogo ilivundikwa ikawa udaga. Huo ulikuwa ni utaalamu kamili wa kuhifadhi chakula bila barafu wala kopo, na mabingwa wake walikuwa akina mama.

Ni lini basi vyakula hivyo vilianza kuonewa haya? Serikali ya kikoloni, ilipoogopa gharama ya kulisha watu wakati wa ukame, iliamuru kila kaya ipande eneo maalumu la mihogo, mtama au viazi, na aliyekaidi alitozwa faini. Katika maandishi ya maofisa mazao hayo yaliitwa mazao ya njaa. Pamba, kwa upande wake, iliitwa zao la biashara, na baadaye ikavishwa jina la fahari: dhahabu nyeupe. Baada ya Uhuru sheria ndogo za namna ile ile ziliendelea kutumika katika wilaya nyingi, na majina yakaendelea vile vile.

Tuyapime majina hayo kama mhakiki apimavyo tamathali za usemi katika shairi. Kuuita mtama zao la njaa ni kuuambatanisha na siku mbaya kuliko zote maishani mwa mtu. Ni sawa na kumwita daktari mtu wa magonjwa, kisha ukashangaa kwa nini watoto wanamkimbia. Mtama hauleti njaa, unaizuia. Lakini jina limebatilisha ukweli. Kuiita pamba dhahabu nyeupe, kwa upande mwingine, ni kuitoa katika ukoo wa mimea na kuitia katika ukoo wa madini. Mmea hulimwa na kurudishiwa. Madini huchimbwa tu. Bei ya soko la dunia ilipopanda, mkulima aliongeza ekari. Iliposhuka, aliongeza ekari vile vile ili afidie hasara. Plau likasonga mbele, vichaka vikarudi nyuma, na mabaki ya dawa za kuulia wadudu yakaingia katika udongo na maji. Jina halikufanya yote hayo peke yake, la hasha, lakini liliyabariki.

Hatuna budi kuwa waadilifu hapa. Watu hawakuyapenda mahindi kwa upumbavu. Hindi limefunikwa maganda, hivyo ndege hawaliwezi kwa urahisi; mtama uko wazi, na kweleakwelea wakishuka huweza kumaliza shamba kwa muda mfupi. Zamani watoto ndio waliokuwa wakiamia ndege. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, watoto waliingia darasani, kama ilivyowastahili, na shamba la mtama likabaki bila mlinzi. Tena kutwanga mtama ni kazi nzito, na iliwaangukia wanawake. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi, utafiti ukayapendelea, na shule na majeshi yakalishwa ugali wa mahindi. Hizo ni sababu za kweli, na kila mwenye kuutetea mtama bila kuzijibu anaimba tu.

Hata hivyo, zipo sababu nyingine ambazo si za kweli, nazo ni za jina na rangi. Tutoe mifano miwili. Wakati wa njaa ya mwaka 1974 na katika miaka iliyofuata, nchi ilipopokea mahindi ya njano kutoka ng'ambo, umma uliyapachika jina la Yanga, kwa kuyafananisha na rangi ya jezi ya klabu hiyo ya mpira. Ulikuwa ni utani mwema, lakini ndani yake mlikuwa na dharau: ugali wa njano ulikuwa ugali wa shida. Wataalamu wa lishe wanatufundisha kwamba ile rangi ya njano ndiyo inayoupa mwili malighafi ya vitamini A, ambayo mahindi meupe karibu hayana. Watu walicheka kile kilichowafaa. Mfano wa pili ni sembe na dona. Sembe ni unga uliokobolewa, mweupe, laini. Dona ni unga wa punje nzima. Mashine inapotoa ganda na kiini hutoa pia sehemu kubwa ya vitamini, madini na mafuta ya nafaka. Lakini mgeni akija, mwenye nyumba huona haya kumwandalia dona. Weupe umegeuka kipimo cha utu, na tumbo linalipa gharama.

Zaidi ya hayo, chakula kinachodharauliwa hupotewa na maarifa yake. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime mkoani Mara, watu wengi, hasa watoto na akina mama, walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Wachunguzi walipoufuatilia waligundua kwamba katika ukame ule watu walikuwa wakila mihogo michungu karibu peke yake, na kwa sababu ya njaa walizipunguza siku za kuivundika, hata sumu ikabaki. Kosa halikuwa la mhogo. Lilikuwa la haraka, na haraka ilizaliwa na ghala tupu. Chungu nacho kina kanuni zake, kama shairi lilivyo na vina na mizani. Tofauti ni kwamba anayevunja kanuni za chungu hazomewi, hulemaa.

Miito ya taifa

Tanzania ni nchi iliyojengwa kwa maneno mafupi. Mwaka 1972, huko Iringa, tuliambiwa kwamba Siasa ni Kilimo. Mwaka 1973 redio ilitufundisha kuwa Mtu ni Afya, na mwaka 1975 kuwa Chakula ni Uhai. Katika miaka hiyo hiyo ya shida palitangazwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1980 tuliambiwa Misitu ni Mali, na mwaka 2009 Kilimo Kwanza. Hatuikejeli miito hiyo. Ilikusanya watu vijijini kuzunguka redio moja, ikawafanya wazungumze juu ya vyoo, maji, mboga na miti, jambo ambalo vitabu vya wataalamu visingeliweza. Lakini mwito ni tungo, na tungo yoyote yapasa kuhakikiwa.

Kilimo cha Kufa na Kupona ni lugha ya vita. Katika vita yupo askari, yupo adui, na upo uwanja. Adui ni njaa na askari ni mkulima. Ardhi basi ni nini? Ni uwanja wa kukanyagwa. Hakuna askari anayeulizwa kama uwanja umechoka. Chakula ni Uhai ni mwito bora zaidi, kwa kuwa unamkumbusha mlaji kwamba sinia ni jambo la maisha. Ila unaanzia mezani na kuishia mezani, na hausemi kwamba udongo nao una uhai wake. Misitu ni Mali ndio unaotupa fundisho kubwa. Aliyeutunga alikusudia hazina ya kutunzwa. Lakini katika sikio la mkata mkaa neno mali lina maana nyepesi: kitu cha kuuzwa. Neno moja, nia mbili. Na mwenye shoka hakukosea sarufi.

Wakati huo huo mbegu moja ya mtama iliyotolewa na watafiti wetu ilipewa jina la Tegemeo. Tunamsifu aliyechagua jina hilo, kwani kwa neno moja aliuondoa mtama katika kaburi la njaa na kuuweka katika kiti cha heshima. Laiti mazao mengine yangepata washairi wa namna hiyo katika ofisi za kilimo.

Ngoma na kitabu

Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vimeshindana tangu karne ya 19. Baada ya mavuno, vyama hivyo hukutana uwanjani, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Katika bugobogobo wachezaji huyarusha majembe na kuyadaka, hata chombo cha kazi kinakuwa chombo cha sanaa. Nyimbo zao za kazi ni hazina kubwa. Mwaka 2010 mtafiti wa Kimarekani Frank Gunderson alichapisha mkusanyo mnene wa nyimbo hizo, na ni aibu kidogo kwetu kwamba mwanafunzi wa Shinyanga anayetaka kuzisoma humo yampasa ajue Kiingereza.

Nyimbo za jembe zimetenda mema mengi. Zimefanya kazi ya wengi iwe nyepesi, zimemcheka mvivu, zimesimulia njaa na wadudu waharibifu, na hazikuwaogopa wakubwa. Lakini yafaa tuulize: shujaa wao ni nani? Mara nyingi ni mwenye nguvu, aliyelima eneo kubwa kuliko wenzake, au mwenye zizi lililojaa. Sifa hizo zilifaa wakati ardhi ilipokuwa tele na watu wachache. Leo mtu mwenye sifa hizo hizo anaweza kuwa ndiye anayemaliza malisho ya kijiji. Ng'ombe walipozidi uwezo wa nchi, wafugaji wengi waliondoka na makundi yao kwenda Rukwa, Mbeya na Morogoro. Mwaka 2006 wengi waliamriwa kutoka katika bonde la Usangu na Ihefu kwa ajili ya kunusuru maji ya Ruaha. Wimbo uliosifu wingi haukuwa umewaandalia neno la kusifu kiasi. Tunahitaji manju atakayemwimba mtu aliyeliacha eneo lake lipumzike, na kumwimba kwa mdundo ule ule unaoinua majembe.

Kwa upande wa maandishi tunacho kielelezo kimoja kikubwa kutoka Kanda hiyo ya Ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Humo chakula si pambo la nyuma ya hadithi. Myombekere, ili arudishiwe mke wake, hana budi kuwapelekea wakwe zake pombe ya ndizi, na mwandishi hatuhurumii: hutupitisha katika kazi hiyo hatua kwa hatua. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba kurasa hizo zinachosha. Sisi twaona ndizo uti wa mgongo wa kitabu. Kitereza alijua kwamba ndoa, undugu, mgomba na mtungi ni jambo moja, na kwamba atakayesahau jinsi ya kuandaa chakula cha kwao atasahau pia jinsi ya kupatana na wakwe.

Ngitili: neno lililofufua nchi

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Katika miaka ya 1920 maofisa wa kikoloni, wakiongozwa na Charles Swynnerton, walianzisha Shinyanga kampeni kubwa za kufyeka vichaka ili kuwaangamiza mbung'o. Watu wengi walikusanywa kwa kazi hiyo. Mbung'o walipungua, lakini pamoja nao ilikwenda miti. Ikafuata pamba, yakafuata makundi makubwa ya ng'ombe, ikafuata tumbaku ya Kahama inayokaushwa kwa kuni, na mahitaji ya kuni na mkaa yasiyokoma. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwakusanya watu mahali pamoja, na wengi wakayaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukisaidiwa na Norway, na baadaye ukashirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mwanzoni mradi ulitilia mkazo vitalu vya miche na miti ya kupandwa. Baadaye wataalamu walitega sikio, wakasikia neno ambalo wazee walikuwa nalo siku zote: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea, ili ng'ombe wasife na ndama wapate maziwa. Miti haikuhitaji kupandwa. Mizizi na visiki vilikuwa hai chini ya ardhi, vikingoja kuachwa. Dagashida, baraza la jadi, liliweka masharti na faini, sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta mia sita hivi tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika zaidi ya vijiji 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa.

Mhakiki wa lugha anaona nini hapa? Anaona neno lenye wakati ndani yake. Mali haina wakati. Yaweza kuuzwa leo hii. Hifadhi, kama wengi walivyoizoea, ni mahali pa kukatazwa daima. Lakini ngitili inafungwa na kufunguliwa. Inasema subiri, haisemi usiguse. Ndiyo maana watu waliikubali. Ndani yake walipata majani, kuni, miti ya kujengea, dawa, asali, uyoga, matunda na mboga za porini, yaani vyakula ambavyo havimo katika hesabu za soko. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maliasili ilikadiria faida ya ngitili kuwa kama dola 14 za Kimarekani kwa mtu kwa mwezi, zaidi ya matumizi ya wastani ya mwananchi wa kijijini wakati huo.

Sifa hizo zisitufumbe macho. Tathmini hiyo hiyo ilionyesha kwamba mgao haukuwa sawa: mwenye ardhi na ng'ombe wengi alinufaika kuliko asiye navyo, na wapo waliokodisha malisho kwa maskini. Jina jema halitoshi pasipo haki. Ngitili ya kijiji, ya shule na ya kikundi cha akina mama ndiyo inayoonyesha ukamilifu wa neno hilo. Ngitili ya tajiri peke yake ni ua tu.

Geita na maneno ya machimboni

Kutoka Shinyanga twende magharibi. Wakati wa ukoloni wakulima na wafugaji wengi wa Usukuma walihimizwa kuhamia Geita, ambako ardhi ilikuwa bado na misitu. Walifyeka, wakapanda pamba, mihogo na mahindi. Mananasi ya Geita nayo yakajipatia jina. Lakini chini ya mashamba hayo mna dhahabu. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kwa upande wa Kahama, Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009, ambao ulikoma kuchimbwa mwaka 2021. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Pamoja na migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wengi, katika sehemu kama Rwamagasa na Nyarugusu.

Dhahabu huibadilisha sahani kabla haijaubadilisha mfuko. Kijana akiingia duarani, shamba la baba yake hupungukiwa mkono mmoja. Chakula alichokuwa akikilima sasa anakinunua kwa mama lishe: wali, sembe, samaki. Bei hupanda kwa wote, hata kwa yule asiyechimba. Mwenye kupata leo anakula kama sultani, kesho anakopa uji. Ghala la michembe halina nafasi katika maisha ya namna hiyo, kwa sababu ghala ni imani kwamba kesho itafanana na jana.

Lakini jambo zito zaidi ni zebaki. Mawe husagwa katika karasha, mchanga huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki ambayo huishika dhahabu. Halafu mchanganyiko huo huchomwa, na mvuke hupaa. Mchanga unaobaki wachimbaji huuita marudio. Sisi tunaliona neno hilo kuwa la kweli kuliko walivyokusudia walioliunda. Kwa hakika yanarudi! Mvua huyasukuma hadi vijitoni na katika majaruba ya mpunga. Ndani ya matope vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi. Samaki huila, na samaki huliwa. Uchunguzi uliofanywa Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta zebaki nyingi katika matope ya vijito vinavyopokea maji ya kuoshea dhahabu, na baadhi ya samaki wa maji hayo ya karibu walipita kiwango cha usalama. Huko Minamata, nchini Japani, ambako maradhi ya namna hiyo yalitambuliwa mwaka 1956, watoto walizaliwa na ulemavu kwa sababu mama zao walikula samaki wa ghuba yao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba uliosainiwa ni neno. Kazi yake bado iko mtoni.

Tena lipo jambo la akina mama wajawazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa Geita uliona kwamba karibu nusu yao walikuwa wakila udongo, na katika udongo huo zilipatikana kemikali zenye sumu, kama vile aseniki na risasi. Kula udongo wakati wa ujauzito ni desturi ya kale katika sehemu nyingi za nchi yetu. Udongo wa pemba huuzwa sokoni kama karanga. Hatuwezi kuikomesha kwa kuwacheka akina mama. Mwili wao unatamani kitu, na desturi iliwajibu hivyo wakati udongo ulipokuwa safi. Kilichobadilika ni udongo, si mama. Basi mwalimu wa sayansi na mkunga wazungumze naye kwa lugha ya heshima: mboga za majani, dagaa, kunde na vidonge vya kliniki ndivyo vinavyoujenga mwili wa mtu anayejenga mwili mwingine.

Wajibu wa shule

Tumeyasema haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu majina hufundishwa. Mwanafunzi anayeandika katika insha yake kwamba familia fulani ilikuwa maskini, hata ikala mtama na michembe, hajaandika habari tu, amepitisha hukumu. Mwalimu asiache hukumu hiyo ipite. Amwulize: umaskini huo uko wapi, katika mtama au katika kukosa kitoweo? Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa mtama, uwele, ulezi na nafaka za jamii hiyo. Mijini, mwenye kisukari anauziwa unga wa mtama kwa bei kubwa kuliko sembe. Itakuwa kichekesho kikubwa iwapo mtoto wa Kishapu atajifunza kutoka dukani kwamba chakula cha bibi yake kilikuwa na thamani.

Kwa hiyo tunapendekeza kila somo litoe mchango wake. Somo la Kiswahili likusanye majina ya mbegu za mtama, ya aina za udongo na ya njia za kuhifadhi chakula, kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Somo la kilimo lipande mtama na mahindi bega kwa bega, lipime mavuno katika mwaka mzuri na katika mwaka mbaya, na lisifiche tatizo la ndege. Shule yenye eneo iwe na ngitili yake. Na kila mwanafunzi anapokutana na wimbo, mwito au tangazo juu ya kilimo, aliulize maswali matatu: Linamsifu nani? Linanyamazia nini? Ardhi inapata nini?

Sisi wenyewe, ambao kazi yetu ni vina na mizani, tunatoa mchango wetu mdogo kwa ubeti huu, walimu wautumie wapendavyo:

Usiutupe mtama, ukauita wa njaa,
Mvua inapokwama, ndio unaotufaa,
Ngitili ikisimama, vibuyu vyetu hujaa,
Ardhi tukiilima, nayo tuipe kuvaa.

Hitimisho

Hatukusema kwamba pamba ing'olewe, mahindi yasiliwe, wala dhahabu ifukiwe. Nchi inahitaji fedha, na mkulima ana haki ya kuchagua. Tulichosema ni kwamba uchaguzi unaofanywa chini ya kivuli cha jina baya si uchaguzi huru. Shinyanga imetuonyesha kwamba watu wakiacha kulionea haya neno lao la kale, visiki huchipua. Geita inatuonyesha kwamba neno linaweza kusema kweli na bado wasemaji wasilisikie. Kazi ya tahakiki ni kuwafanya walisikie mapema, wakati samaki bado wanaliwa na mpunga bado unaota.